Bingwa wa konferensi ya vyuo vinne: aende mashindano ya taifa au abaki nyumbani?

Wakuu, kila ukifika mwezi Machi tunabishana juu ya jambo hili vipande vipande na hakuna anayemaliza hoja yake. Leo naliweka mezani lote.

Katika mieleka ya vyuo vya Marekani, daraja la kwanza la NCAA (chombo kinachosimamia michezo ya vyuo), je, bingwa wa konferensi ndogo, yaani kundi dogo la vyuo vinavyoshindana pamoja, aendelee kupewa nafasi ya mashindano ya taifa hata kama konferensi yenyewe ina vyuo vinne tu, kama ilivyokuwa Pac-12 msimu wa 2024–25? Rafiki yangu mmoja, mshabiki wa kufa na kuzikana wa Big Ten, konferensi yenye nguvu kuliko zote, anasema hapana. Kwake konferensi isiyofikisha vyuo sita inyang'anywe nafasi zake, wapewe wenye uwezo. Mimi nasema bingwa yule aende.

Kwa asiyeujua utaratibu: mashindano ya taifa yana wanamieleka 330, uzito 10, kila uzito watu 33. Nafasi nyingi hugawiwa konferensi kabla ya mashindano yao wenyewe kuanza. Kila mwanamieleka anapimwa kwa mambo matatu ya msimu huohuo. La kwanza, awe ameshinda asilimia 70 ya mapambano yake. La pili, awe ndani ya 30 bora kwenye kura za makocha. La tatu, awe ndani ya 30 bora kwenye RPI, hesabu inayotazama umeshinda mara ngapi, na wale uliokutana nao nao wameshinda mara ngapi. Akitimiza mawili kati ya hayo, konferensi yake inapata nafasi moja katika uzito ule. Nafasi hiyo ni mali ya konferensi, si yake yeye. Akiteleza siku ya mashindano, inachukuliwa na aliyemaliza juu yake. Konferensi ambayo hakuna hata mmoja aliyetimiza vigezo bado inapewa nafasi moja kwa kila uzito, ya bingwa wake. Zinazobaki, arobaini na kitu, kamati inateua yenyewe konferensi zote zikishamaliza.

Ugomvi wetu uko kwenye hiyo nafasi ya bingwa.

Nina mtoto wa dada yangu anayepigana uzito wa paundi 149, kama kilo 67 na nusu, katika chuo kidogo ambacho sitakitaja. Msimu mmoja konferensi yao ilikuwa na nafasi moja tu kwenye uzito wake. Alifika fainali. Nilikaa safu ya tatu, karibu kiasi cha kusikia viatu vikikwaruza mkeka. Kipindi cha kwanza mpinzani alimpiga mweleka, pointi 3, akamlalia mgongoni muda mrefu kabla kijana hajajinasua, pointi 1. Kipindi cha pili kijana alianzia chini, akajinasua tena. Cha tatu mpinzani naye akaanzia chini na kujinasua, ikawa 4 kwa 2. Zikiwa zimebaki kama sekunde 20 kijana akampiga mweleka safi, ukumbi mzima ukasimama, 5 kwa 4. Mpinzani akajinasua, 5 kwa 5, kengele ikalia. Watu wakadhani tunaingia muda wa nyongeza. Mwamuzi akatazama saa inayohesabu nani amemdhibiti mwenzake muda mrefu zaidi: mpinzani alikuwa mbele kwa dakika 1 na sekunde 3. Ukifikisha dakika moja unapata pointi. Sita kwa tano.

Sekunde tatu. Aliniambia, "Mjomba, nilikuwa nimemshika." Nikakosa la kumjibu, maana ni kweli alikuwa amemshika. Orodha ya walioteuliwa na kamati ilipotoka, jina lake halikuwemo.

Mtauliza kwa nini natetea utaratibu uliomfungia mtoto wetu mlango. Natetea kwa sababu mlango ulikuwepo. Alijua tangu Novemba kwamba akishinda siku ile anakwenda, bila kuombewa na mtu, bila kupigiwa kura na kocha wa mbali ambaye hajawahi kumwona akipigana.

Huku kwa wadogo vile vigezo vitatu vinabana mno. Tuseme kijana ana mapambano 30. Ili afikie asilimia 70 lazima ashinde 21. Kocha akimpeleka kwenye mashindano makubwa ya Las Vegas mwezi Desemba, kisha mengine ya Chattanooga, Southern Scuffle, atakutana na watu wa Big Ten na wa Big 12, konferensi nyingine kubwa, mmoja baada ya mwingine. Akipoteza matano au sita huko, basi mwaka mzima uliobaki anaweza kuteleza mara tatu nne tu. Akibaki nyumbani kupambana na majirani, atashinda sana, lakini RPI yake itashuka kwa sababu majirani nao hawakutani na wakubwa, na makocha wanaopiga kura hawatamjua. Ukienda unaumia, usipoenda unaumia. Kijana wa Big Ten hana shida hii. Vyuo 14 vya konferensi yake vyenye mieleka vinampandishia RPI hata anapofungwa.

Siku ya mwisho nayo si sawa. Big Ten ikiwa na nafasi nane kwenye uzito fulani, anayemaliza wa nane amefungwa mara tatu ndani ya wikiendi moja na bado amefuzu. Mtoto wa dada yangu alifungwa mara moja.

Sasa hao wanne wanaosemwa, yaani Pac-12. Huwezi kuwahukumu bila kusema walifikaje hapo. Mwaka 2024 konferensi ile ilivunjika kwa sababu ya fedha za mpira wa miguu wa Kimarekani na matangazo ya televisheni. Stanford ikaenda konferensi ya ACC, Arizona State ikaenda Big 12. Kwenye mieleka wakabaki Oregon State, Cal Poly, CSU Bakersfield na Little Rock, na msimu wa 2024–25 wakashindana hao hao wanne. Hakuna mwanamieleka hata mmoja aliyekaa kwenye kikao kile. Little Rock ndiyo iliyoleta mieleka ya daraja la kwanza Arkansas, jimbo ambalo halikuwa nayo kabisa, na ilianza msimu wa 2019–20 tu. Leo waambiwe wafunge virago kwa sababu matajiri wamehama mtaa?

Rafiki yangu ana hoja moja nzito na sitaikwepa. Anasema wa kumi wa Big Ten mara nyingi angemshinda bingwa wa konferensi ndogo, na wengi wanaopangwa namba 30 hadi 33 hufungwa mara mbili wakarudi nyumbani siku ya kwanza. Ni kweli, naona kila mwaka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Big Ten ni wakubwa kwa jasho lao. Lakini tayari wanaondoka na karibu robo ya nafasi zote. Konferensi ya vyuo vinne inahakikishiwa 10 kati ya 330, na kati ya hizo kumi baadhi huwa ni za vijana waliotimiza vigezo wenyewe, ambao wangefuzu kwa vyovyote. Kinachogombaniwa ni nafasi chache sana. Kwa mkubwa ni mtu wa ziada, kwa mdogo ni timu nzima kuwa na sababu ya kuwepo.

Sisemi hivyo kwa kuwahurumia. Edinboro, chuo kidogo cha Pennsylvania ambacho michezo yake mingine ilikuwa daraja la pili, kilimaliza cha tatu kitaifa mwaka 2015, nyuma ya Ohio State na Iowa. Kilifuzu kupitia EWL, konferensi ambayo mwaka 2019 ilimezwa na konferensi ya MAC na sasa haipo. Kent State ya MAC ilitoa bingwa wa paundi 197 mwaka 2011, Dustin Kilgore. Hao wangefuzu kwa vigezo vyovyote, najua. Lakini timu zilizowalea ziliishi miaka mingi kwa hizi nafasi za mtu mmojammoja. Mkurugenzi wa michezo anapokata bajeti humwuliza kocha mwaka huu umepeleka wangapi kwenye taifa. Jibu likiwa sifuri miaka mitatu mfululizo, mkeka unakunjwa. Cleveland State walitangaza kuifuta mieleka yao Januari 2025. Sidai kwamba sababu ilikuwa nafasi za kufuzu. Nasema tu kwamba timu ikishafutwa ni nadra sana kurudi.

Kinachohitaji marekebisho ni uteuzi wa kamati. Konferensi ikiwa na nafasi moja tu kwenye uzito, aliyefungwa fainali atazamwe kabla ya wa kumi wa konferensi kubwa, mradi amefikia hata kigezo kimoja kati ya vitatu. Na vyuo vikubwa vikubali kupambana na vidogo angalau mara moja kwa msimu, hata ugenini, ili hiyo RPI iwe na maana kwa pande zote mbili.

Mnaotaka kigezo cha vyuo sita, karibuni, nasubiri kwa moyo mweupe. Ila mkija nijibuni hili kwanza: kijana wa Bakersfield ambaye RPI haimwoni na makocha hawamjui, lakini amemshinda kila aliyewekwa mbele yake kwenye fainali za konferensi, mnataka afuzu kwa kupitia wapi?