Naomba ushauri: igizo la kidato cha tatu limeniponza kwa mkuu wa shule

mwl_wa_chaki:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nafundisha Kiswahili shule moja ya kata huku Kigoma, nje kidogo ya mji. Kidato cha tatu tunasoma riwaya ya Takadini. Mnawajua wanafunzi wetu: ukiuliza dhamira wanakutiririshia "mila potofu, nafasi ya mwanamke, malezi" kama kondakta anataja vituo, yote ya kwenye madesa. Uliza ungekuwa mzee wa kijiji siku Sekai alipojifungua mtoto mwenye ualbino ungesema nini, kimya. Na si jambo la mbali. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto mwaka 2008, watoto wenye hali hiyo walikimbiziwa kituo cha Kabanga, hapo Kasulu tu.

Nikaona tufunge kitabu tuigize baraza la wazee. Kijana niliyempa uzee alijikalia juu ya meza yangu, kalamu mdomoni kama kiko, akatoa hukumu bila hata kumtazama mama. Darasa likaangua kicheko. Binti aliyekuwa Sekai hakujibu kitu. Alifungua khanga ya mgongoni, akaifunga upya, akatoka mlangoni. Akatoka kweli, hadi nje. Kicheko kikakatika, tukabaki tunautazama mlango.

Nikanogewa. Nikasema kila kundi litunge igizo la uonevu wanaoujua wao. Kundi la tatu likaja na madumu. Shuleni kwetu wasichana ndio wanaochota maji asubuhi, wavulana wanafagia uwanja, dakika 10 wamemaliza. Wasichana wakifika kipindi cha kwanza kimefika nusu, sketi zimelowa, na wanapigishwa magoti kwa kuchelewa. Wakaigiza hivyohivyo, mpaka sauti ya mwalimu husika. Na mkuu wa shule alikuwa dirishani.

Nimeitwa ofisini. Neno lililotumika ni "uchochezi". Nirudi kwenye kitabu, basi. Nifanyeje? Kundi la nne wananiuliza zamu yao lini.

Mgebuka:
Rudi kwenye kitabu mkuu. Mkopo wa benki haujaisha. Maji yatachotwa tu.

BibiUbao:
Mwanangu, nimefundisha Tabora miaka 31, sasa nimestaafu. Igizo halina kosa, uliruka hatua. Umewatoa kwa Sekai ukawatumbukiza moja kwa moja kwenye kisima cha shule. Hapo katikati ungeweka ngano. Fasihi simulizi si imo kwenye mtaala? Wape fisi na sungura wagawane kisima, waone wataishia wapi. Sisi Wanyamwezi tuna utani: neno ambalo ukimwambia mtu usoni mtashikana mashati, mtani analitamka palepale msibani na mfiwa anacheka. Mkuu wako angemcheka fisi, usiku akakosa usingizi. Na hilo la kuiga sauti ya mwalimu, hapana. Umemwanika mwenzio mbele ya watoto anaowafundisha kesho.

Kijana_wa_Kasulu:
Bibi shikamoo, ila hapo kwa fisi sikubaliani. Watacheka, kengele italia, mwisho wa habari. Hawa wana miaka 16. Kuna Mbrazili, Augusto Boal, miaka ya 1970 alikuwa na mtindo wake: igizo linachezwa mpaka mwisho wake mbaya, kisha linaanza upya. Safari hii mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusema "simama", anaingia kushika nafasi ya anayeonewa, anajaribu njia yake. Nilijaribu na vijana wa kanisani. Watatu wa kwanza waliingia kwa kufoka, wote wakatolewa nje na "bosi". Wa nne, binti mpole hasa, akasema tu: "Naomba tuhesabu pamoja." Bosi wa igizo akatafuta jibu akakosa.

BibiUbao:
Marahaba. Huyo binti ni sungura wangu huyohuyo, umemvalisha gauni.

MamaWatatu:
Mimi ni mzazi tu. Wangu yuko kidato cha pili, shule nyingine, madumu yaleyale. Kila siku sketi inarudi imelowa upande mmoja, nikawa namgombeza anachezea maji. Anajibu "mama, ni zamu", basi. Nilitaka kuuliza, mwalimu, wavulana wa darasani kwako walisemaje?

mwl_wa_chaki:
MamaWatatu, hilo hata mkuu hakuniuliza. Mwanzo walicheka. Halafu yule mzee wa kijiji akasema, "Lakini sisi hakuna aliyetuambia tuchote." Binti mmoja akamgeukia: "Na sisi uliwahi kusikia tunaulizwa?" Kengele ikalia.

Bibi, shikamoo. Nimemwomba radhi mwalimu aliyeigwa, kasema "hamna shida", ya shingo upande. Kijana wa Kasulu, hilo la kuhesabu nalichukua. Kundi la nne nimewaambia wasubiri wiki. Kesho saa 12 asubuhi niko kisimani na saa yangu, nione ni dakika ngapi hasa, ndipo nirudi ofisini.

Mgebuka:
Ukienda beba dumu. Usije ukakutwa umesimama na saa mkononi watoto wanachota.