Namleta mama Toronto siku tano, Julai. Nimpeleke wapi?

Mdigo wa Ottawa
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu anakuja kutoka Tanga, ana miaka 68, magoti yanamsumbua na ngazi ni adui yake. Mimi naishi Ottawa, Toronto nimefika mara mbili tu na zote sikutoka uwanja wa ndege. Mwanzoni mwa Julai nimepata likizo, Jumatano hadi Jumapili, tutakuja kwa gari. Nina mdogo wangu wa kiume pia, miaka 22, yeye shida yake ni kikapu na muziki. Mama nikimuuliza anataka kuona nini anajibu "popote tu mwanangu". Jibu hilo mnalijua lilivyo.

Mfuko si mnene. Chakula halali tu. Orodha yangu mpaka sasa: CN Tower (ule mnara mrefu), Casa Loma, bustani ya wanyama, Niagara. Nisaidieni nisije nikamtesa mama wa watu.

ChumaChakavu
Bustani ya wanyama futa leo hii. Hekta 287 hizo, umtembeze mtu mwenye magoti akaangalie twiga? Twiga kawaacha Saadani.

Peleka kile kituo cha sayansi kule Don Mills. Kimejengwa bondeni, unashuka huku unaona miti.

Mama Zai
Chuma, umehama Toronto lini? Kituo cha sayansi kilifungwa Juni 2024, tena ghafla.

Mdogo wangu Mdigo, nisikilize mimi niliyetembeza mama, mama mkwe na shangazi wawili. Hapo jirani na kituo hicho kuna Aga Khan Museum, ilifunguliwa 2014. Mwambie mapema kwamba ni makumbusho, maana shangazi yangu kusikia Aga Khan aliuliza nani kalazwa. Ndani kuna misahafu ya kale, vyombo vya udongo, michoro ya Uajemi, na sakafu ni tambarare. Nje kuna mabwawa ya maji yaliyotulia kabisa na jengo jeupe la Maki, yule msanifu wa Kijapani. Kando yake ni Kituo cha Waismaili. Wengi wao hapa wametoka kwetu, Kampala walikofukuzwa na Amin 1972, na wengine Dar na Nairobi. Shangazi alianza kuongea Kiswahili na bibi mmoja kwenye benchi, nikawaacha saa nzima nikaenda kunywa kahawa.

Kwa kuwa mnafika Jumatano: AGO, jumba la sanaa pale Dundas, huwa bure Jumatano kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Agiza tiketi mtandaoni kabla. Na Julai magharibi inaingia saa tatu usiku, kwa hiyo mama asishangae jua limegoma kuzama.

Mkenya wa Scarborough
Sasa boss. Mama wa pwani mpeleke kwa maji, usihangaike na majumba. Feri ya visiwani inatoka mwisho wa Bay Street, Jack Layton Terminal, kama robo saa hivi uko ng'ambo. Ukilipa kwenda umelipa na kurudi, kama tu mtu amekuonea huruma Likoni. Huko hakuna magari ya watu binafsi, ni miti, nyasi na ufuo. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi foleni yake ni ya kulia.

Kuna boti za sehemu tatu. Ward's Island ni kimya, nyumba ndogo ndogo na bustani za maua. Centre Island ndiko kuna watoto na michezo. Hanlan's Point USIPANDE. Kuna ufuo huko watu wanakaa vile walizaliwa, na ni halali kisheria. Mimi nilimpeleka pastor wetu bila kujua. Hatujaongea tangu hapo.

ChumaChakavu
😂😂😂 Mkenya wewe!

Haya, nakubali kukosolewa. Casa Loma nayo fikiria mara mbili. Tajiri Henry Pellatt alijenga ngome yenye vyumba 98, kazi ilianza 1911, hajakaa miaka kumi madeni na kodi vikamtoa. Hadithi ni tamu kuliko kutembea humo, na ile minara ni ngazi nyembamba za kuzunguka.

Kipanga_84
Kuhusu dogo: kikapu Julai hakuna, Raptors wako likizo. Uwanja wao, Scotiabank Arena, utakuta tamasha za bei mbaya. Mpeleke Rogers Centre, ule uwanja wa 1989 wenye paa linalofunguka, akaone Blue Jays wakicheza besiboli. Viti vya juu kabisa bei yake inavumilika. Mchezo wenyewe sijauelewa mpaka leo, miaka tisa.

Muziki, akitaka ukumbi wenye roho aangalie ratiba ya Massey Hall. Ulifunguliwa 1894, wakaufunga miaka mitatu kuutengeneza, ukarudi 2021. Ila anunue kwa wenye ukumbi. Mimi nilinunua kwa jamaa wa mtandaoni, nikafika mlangoni na mpenzi wangu amevaa akapendeza, mashine ikalia nyekundu. Tiketi hewa. Tulikula shawarma kimya kimya.

Mkenya wa Scarborough
Mbona mnamlipisha kijana? Afrofest ni Julai, Woodbine Park, na ni bure. Beba kiti cha kukunja kwa ajili ya mama. Atakula, atacheza akiwa ameketi.

Mdigo wa Ottawa
Asanteni sana. Gari niliache wapi? Na CN Tower mbona mmeikwepa wote?

Mama Zai
Gari liache hotelini, maegesho ya katikati ya mji yatakula bajeti ya chakula. Gusa kadi ya benki kwenye basi au treni, una saa mbili za kubadilisha bila kulipa tena. Mnara ni zaidi ya dola 40 kwa mtu mzima, zidisha kwa watatu. Kutoka kwenye boti unauona wote bure.

St. Lawrence Market nendeni kwa samaki na jibini, lakini ule mkate wao maarufu ni wa nguruwe. Usije ukamnunulia mama kwa kufuata foleni.

Niagara nenda. Kilomita 130 hivi, njia ya kando ya maporomoko ni tambarare na kuna mahali pa kukaa. Hiyo siku usiongeze kitu kingine.

Mdigo wa Ottawa
Mrejesho, wakuu. Tumerudi jana.

Niagara mama alisoma dua kimya, akarowa mtandio, akagoma kuondoka. Aga Khan Museum hakupata bibi wa kuongea naye, akampigia dada Tanga kwa video akamwonyesha mabwawa yote, moja moja. Afrofest dogo tulimpoteza kwa muda wa saa tatu, akarudi na rafiki wa Kiganda. Lakini boti ndiyo iliyoshinda. Tulipanda mara mbili, siku mbili tofauti, kwa ombi lake. Malalamiko yake moja tu: pantoni gani haina muuza karanga?

Mnara hatukupanda. Tuliupiga picha kutoka majini, mama akaituma kwenye kundi la kina mama wa Chumbageni akaandika "nimepanda". Sasa wanamuuliza huko juu kukoje. Aliyepanda anisaidie maelezo haraka, wanasubiri.

Kipanga_84
Lifti sekunde 58, ina kioo, masikio yanaziba. Juu kuna sakafu ya kioo, mita 342, unaona magari kama punje za mchele. Watoto wanarukaruka juu yake, watu wazima wanashika ukuta.

Mama Zai
Mwambie aseme alifumba macho. Hakuna atakayeuliza zaidi.