Yule wa fulana ya fuvu AMENIZIMIA BENGA!!!

mtotowakondele:
Wadau, nimetoka kula samaki Dunga, ufukweni Kisumu, sasa hivi, mikono inatetemeka, msinisahihishe tahajia. Mnamjua. Simtaji. Yule wa fulana ya fuvu lenye radi kichwani, hata matangani anakuja nayo.

Nimeagiza ngege na ugali, nikamwomba mhudumu aniwekee Shirati Jazz ya Misiani, benga yenyewe, gita za Kijaluo. Gita zinaanza kukimbizana, mguu wangu uko hewani tayari, huyu mtu anainuka, anachomoa waya, anachomeka simu yake. Grateful Dead, bendi ya roki ya Wamarekani, ndiyo yenye fuvu hilo la fulana. "Dark Star", ile ya 1969, DAKIKA 23! Nikauliza wimbo unaanza lini, eti "tuko katikati". Ngege amekuja akitoa mvuke, amepoa, jicho limepauka, na lile gita bado linaulizia njia.

Nikamwambia kwa upole, kaka, rudisha benga. Akanigeukia mbele ya watu: "Hiyo ni ngoma ya kuuzia dawa ya panya."

DAWA YA PANYA. Misiani, dawa ya panya! Mama wa samaki amesikia! Na hao Grateful Dead wake walikuwa na wapiga ngoma wawili, wawili, na hakuna aliyeweza kuninyanyua kitini. Jerry Garcia, mpiga gita wao, alikufa 1995, ule wimbo nadhani haujapata habari. Dawa ya panya jamani.

omena_kavu:
Swali moja tu. Ngege ulilipia?

mtotowakondele:
Nililipa. Ulisoma pale pa dawa ya panya?

fundi_redio:
Tuseme ukweli, pale sokoni Kibuye dawa ya panya inauzwa na benga. Nilinunua. Panya walicheza mpaka asubuhi.

gizani78:
Mnacheka msichokijua. Hawa Grateful Dead walipiga Misri 1978, piramidi za Giza ziko pale pale. Waliwaruhusu mashabiki warekodi shoo zao na kubadilishana kanda bure. Na hawakupiga wimbo mara mbili sawasawa.

omena_kavu:
Hata mpwa wangu anayejifunza gita hapigi mara mbili sawasawa.

fundi_redio:
Wa benga nao walirekodiwa bure miaka yote. Ila hakuna aliyewaomba ruhusa.

mtotowakondele:
@gizani78 hiyo fulana yako ina fuvu?

gizani78:
Mavazi yangu hayakuhusu.

naks_mjini:
Afadhali nyinyi. Huku Nakuru kinyozi wangu ni kantri tu, kofia ya kauboi na buti. Juzi amenikata upande mmoja, akazima mashine asikilize jamaa aliyeachwa na mke huko Texas. Nilikaa nusu kichwa hadi mke akarudi.

nyalenda_b:
Kantri unaweza kulala. Jirani yangu ni kesha kila Ijumaa: spika nne, waumini sita. Na mmoja kati ya hao sita ni mwenye nyumba, utamshtaki kwa nani?

mtotowakondele:
Jamani, uzi ni wangu. DAWA YA PANYA!

naks_mjini:
Kweli, @fundi_redio, hiyo dawa ni ya unga au ya maji? Huku wamekula waya wa friji.

fundi_redio:
Unga. Changanya na omena, weka nyuma ya friji.

omena_kavu:
Mimi niacheni.