Wakuu, ngozi ya kisanamu changu inapauka kila nikiipaka. Nakosea wapi?

Mwana_Loleza (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, mitaa ya Soweto, na kuna ulevi umeniingia nisioweza kuueleza nyumbani nikaeleweka: napaka rangi visanamu vya kifantasia. Vile vidogo vya milimita 28, mtu mzima na panga lake hafikii kidole changu cha shahada. Nina mazimwi, mifupa inayotembea, joka moja na mashujaa kadhaa. Jamaa yangu ana printa ya resini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kuwa kisanamu), ananichapia kwa bei ya kishkaji.

Mazimwi hayanisumbui. Zimwi ukilipaka kijani, hatatokea mtu aseme marehemu hakuwa hivyo. Shida ni binadamu. Kuna shujaa mmoja nilitaka awe mweusi kama sisi, maana ninaowaona mtandaoni karibu wote wana mashavu ya waridi. Nikapaka kahawia mwili mzima, kwenye vivuli nikatia nyeusi, na sehemu zinazopigwa na mwanga (paji la uso, pua, mabega) nikachanganya kahawia na nyeupe. Nikamsimamisha mezani nikajiona fundi. Bibi akamwokota, akamsogeza dirishani, akasema: "Huyu kijana mbona amepauka hivi? Hajapaka mafuta?"

Na kweli kapauka, utadhani mtoto katoka kucheza kwenye vumbi la Agosti. Nimerudia mara tatu. Kila nikirudia rangi inazidi unene, sasa macho yamezibwa na pua imevimba kama andazi.

Natumia rangi za akriliki za tyubu za wanafunzi, brashi mbili za kuchorea, na praima (rangi ya kwanza ya kupulizia) ya kijivu ya kopo, ile ya magari. Picha tatu hizo hapo. Na ngozi ninayouliza ni ya mtu, sio lile Ziwa Ngozi la Rungwe, nawajua watu wa huko. Nipeni ukweli, msinionee aibu. Natanguliza shukrani.

Chizi_wa_Joka

Napita tu, nasubiri wajuzi. Ila pua kweli andazi 😂

FundiRangi_Uyole

Mkuu mimi napaka nyumba, visanamu sivijui. Ila nimeivuta picha ya pili nikaona mgongo una vipele kama ukuta uliopigwa lipu na mwanafunzi. Hiyo sio brashi, hiyo ni praima. Ulipulizia saa ngapi?

Mwana_Loleza

Asubuhi kabla ya kwenda kazini, uani. Kama saa kumi na mbili na nusu hivi.

FundiRangi_Uyole

Juni hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbeya! Hata mimi presha ingeshuka. Kopo likiwa la baridi msukumo unapungua, rangi inatoka matone matone badala ya ukungu. Na ukisimama mbali sana inakauka hewani kabla haijafika, inatua kama unga. Subiri jua litoke. Kopo liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache (nimesema uvuguvugu, ya moto hapana, na jiko usilisogelee nalo kabisa, linalipuka hilo). Litikise mpaka uchoke, simama sentimita 20 hadi 30, pitisha mkono kama unafagia, usigande sehemu moja. Mvua ikinyesha au ukungu ukishuka, acha, kuna kesho.

DadaBrashi_IR

Kamwene wote. Nipo Iringa, mchana natengeneza kucha saluni, usiku nahangaika na vitu hivihivi. Mleta uzi, mchawi wako ni nyeupe.

Nyeupe ikiingia kwenye kahawia haiongezi mwanga peke yake, inaipoza rangi, inaipa uchokaa. Uchokaa juu ya ngozi nyeusi ndio mpauko wenyewe, bibi yako yupo sahihi kuliko wengi watakaochangia humu. Fanya hivi kabla hujagusa brashi: kesho saa nne kaa dirishani, kunja mkono, angalia kiwiko mpaka bega. Palipo na mwanga hapana weupe, pana kahawia iliyoelekea njano ya udongo, wengine chungwa. Kwenye kivuli nako sio nyeusi, kuna kitu kama zambarau au buluu ya usiku. Halafu tazama kwenye mfupa wa bega: kuna kidoa kidogo kinang'aa sana, na ghafla kimeisha. Ngozi yetu mwanga inaukusanya sehemu ndogo, haiutandazi. Wewe ulitandaza.

Kwa hiyo msingi weka kahawia ya chokoleti. Kivulini, kahawia hiyohiyo na tone la buluu iliyokolea: chini ya kidevu, kwapani, katikati ya misuli. Kwenye mwanga, kahawia na njano ya udongo, na hatua inayofuata ongeza chungwa kidogo. Kila hatua eneo liwe dogo kuliko la kabla yake. Mwisho kabisa, kidoa cha rangi ya krimu ukubwa wa nukta, juu ya pua, shavuni na begani. Basi. Mdomo wa chini tia wekundu kidogo, viganja vipaushe kidogo kuliko mkono (hapo mpauko unaruhusiwa). Na macho usiyape nyeupe tupu, atakuwa kama kaona mzimu, tumia krimu.

Kuhusu andazi: rangi yako ni nzito mno. Ipunguze na maji mpaka iwe kama maziwa mabichi, gusisha brashi kwenye tishu ndio uende kwenye kisanamu. Koti (tabaka) la kwanza litatia aibu, praima itaonekana chini yake. Usiliongezee likiwa bichi! Ngoja likauke, piga la pili, ikibidi la tatu. Watu wengi wanaharibia hapo, wanaliogopa koti la kwanza.

Msafi_Sana

Mnamzungusha bure. Tupa hizo tyubu za wanafunzi, agiza Vallejo za Hispania au Citadel za Uingereza. Huwezi kupata ngozi kwa rangi ya shule.

DadaBrashi_IR

@Msafi_Sana sikatai kwamba za wanafunzi zina rangi kidogo na kijazio kingi, ndio maana hazifuniki vizuri. Lakini ukimpa Vallejo mtu anayechanganya nyeupe, atakupa mpauko wa Hispania. Aanze na alizonazo. Hela akipata anunue chupa tatu tu: kahawia iliyokolea, njano ya udongo na buluu ya usiku.

Brashi ndio ningebadilisha leo. Mleta uzi, nenda Mwanjelwa kwenye maduka ya vitu vya saluni, uliza brashi za kuchorea kucha. Chagua yenye ncha moja inayosimama ukiilowesha, sio lazima iwe nyembamba sana, iliyo nyembamba sana rangi inakauka kabla hujafika. Rangi isipande mpaka kwenye shingo ya chuma, na usiiache imesimama kwenye kikombe cha maji, ncha inapinda kama mkia wa mbwa.

Chizi_wa_Joka

Rangi yangu inakauka kwenye kisahani kabla sijamaliza mkono mmoja. Kiangazi cha huku na upepo ndio usiseme.

DadaBrashi_IR

Kopo bapa la plastiki lenye mfuniko. Ndani tandika sponji nyembamba au tishu kadhaa, lowesha, juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi weka juu ya karatasi. Unyevu unapanda taratibu, rangi inakaa bichi masaa, ukifunika hata kesho unaikuta. Maji yasielee juu tu.

Mwana_Loleza

Dada ubarikiwe. Nimekaa dirishani na kiwiko changu kama mgonjwa, nimeiona hiyo zambarau. Miaka yote ninao huu mkono.

Sasa maswali mawili. Haya makoti matatu ya uji nayatoaje? Na kuna jingine sikusema kwa aibu: juzi usiku nilimwanika karibu na jiko la mkaa akauke haraka, panga limepinda kama mundu.

Msafi_Sana

Thina, dakika mbili kazi imeisha.

DadaBrashi_IR

Thina HAPANA, itakula na kisanamu. Loweka kwenye Dettol ile ya kahawia isiyochanganywa na maji, masaa machache, usilaze siku nzima, resini isije ikalainika. Vaa glovu. Sugua na mswaki wa zamani, na hapa sikiliza vizuri: usisuuze na maji moja kwa moja. Rangi iliyolainika ikikutana na maji inageuka ulimbo, utaomba kufa. Futa na tishu, suuza na Dettol nyingine safi, ndio uende kwenye sabuni na maji. Praima ya gari inaweza kubaki, iache, haina shida.

Panga lichovye kwenye maji ya moto kama nusu dakika, linyooshe taratibu kwa vidole, lizamishe kwenye ya baridi likiwa limenyooka.

FundiRangi_Uyole

Na hilo jiko la mkaa ndani, usiku, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi, usirudie. Hewa yake ya sumu haionekani. Watu wanalala hawaamki. Kisanamu kitakauka chenyewe.

Mwakyusa_wa_Mlimani

Ugonile. Mmenitaja Rungwe nikaona nisipite kimya. Chini ya miguu yake mbona plastiki tupu? Huku kwetu kuna yale mawe mepesi ya volkano, yanaelea majini, unayakata kwa kisu. Kipande kimoja ni jabali zima kwa mtu wa saizi hiyo. Majani ya chai yaliyotumika, yakauke kabisa, bandika kwa gundi nyeupe, unapata majani makavu ya msituni. Kahawa msiweke, niliwahi, ikaota ukungu.

Mwana_Loleza

Wakuu mrejesho, wiki mbili zimepita.

Dettol imefanya kazi, nyumba nzima ilinuka wodi. Nimepulizia praima saa saba mchana, mgongo laini. Koti la kwanza lilinitia hofu kama dada alivyosema, nikaenda kuchota maji nisije nikaligusa. Picha mpya hizo, nimepiga karibu na dirisha bila flashi, nyuma nimeweka karatasi ya kijivu. Bega la kushoto naona limekubali. La kulia nilizidisha chungwa, anaonekana kama kaegemea moto.

DadaBrashi_IR

Bega la kushoto nimelipenda sana. La kulia usilifute. Chukua kahawia ya msingi, ipunguze mpaka iwe kama chai ya rangi, pitisha juu mara moja, chungwa litatulia. Na kidoa cha pua kipo katikati mno, mwanga wako unatoka kushoto, kisogeze.

Mwana_Loleza

Nimefanya, imetulia kweli. Nimempelekea bibi. Kamgeuza geuza dirishani, kamkuna begani kwa ukucha (roho ilinitoka), akasema, "Haya, huyu sasa kaoga, kapaka na mafuta." Nikashukuru. Kumbe hajamaliza. "Sasa umempa panga, umempa na jiwe la kukanyaga. Viatu je, na baridi hii?"

Kwa hiyo wakuu, rangi ya buti za ngozi inachanganywaje?