Nimetetea mwendo wa kilomita 130 kwa saa kwa miaka 12. Hoja yangu imevunjikia wapi?

MguuMzito

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunishukia.

Magari nimeyapenda tangu miguu yangu haijafika kwenye pedeli. Nina miaka 12 barabarani, sijawahi kugonga, na gari langu la tabo nalihudumia mwenyewe. Miaka yote hiyo, kila mada ya mwendo ikizuka nimesema jambo lile lile: kibao cha 100 kimewekwa kwa ajili ya dereva dhaifu na gari bovu. Mwenye gari zima na akili timamu aachwe ajipimie.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa narudi usiku na mdogo wangu wa kike. Barabara kavu, imenyooka, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kibao 100, mimi 130. Gari likatokea mbele, nikashusha taa. Tulipopishana nalo tu, naona lori limekufa kwenye njia yetu, halina taa hata moja, halina alama yoyote nyuma yake. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote, pedeli ikawa inatetemeka chini ya mguu, na nikajua kabisa kwamba sisimami. Nikavuta usukani. Tulipita kati ya lori na mtaro, kioo cha pembeni kikabaki hukohuko. Mdogo wangu hakusema neno mpaka nyumbani. Aliposhuka alifunga mlango polepole, kama vile kuna mtu amelala ndani ya gari.

Mwenye lori ana kosa, hilo sibishani nalo. Ninachouliza ni hiki: ningekuwa kwenye 100, tofauti ingekuwa kubwa kiasi gani? Breki zangu ni nzima, barabara ilikuwa kavu, sikuwa nimelewa wala sikuwa na simu mkononi. Nataka kuelewa.

FundiBreki

Pole sana mkuu, na mpe pole mdogo wako. Ngoja nikupigie hesabu, maana hii ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Tuseme jicho limeona na mguu umekanyaga ndani ya sekunde moja. Hiyo ni ya dereva aliye macho. Aliyechoka anatumia zaidi. Kwenye 100, sekunde hiyo peke yake inakula mita 28 kabla breki haijashika. Halafu breki nzuri kwenye lami kavu inahitaji kama mita 48. Jumla 76.

Kwenye 130 sekunde ile ile inakula mita 36, na breki zinataka karibu 82. Jumla 118. Wengi wakisikia hivyo wanasema tofauti ni mita 42 tu, si mbaya. Lakini weka magari mawili sambamba, yaone lori kwa wakati mmoja. Pale ambapo lenye 100 limesimama kabisa, la kwako bado lina 93. Sijakosea kuandika. Ungelipiga lori lile kwa karibu mwendo wote ambao mwenzako alikuwa nao kabla hajagusa breki.

Sababu ni kwamba nishati ya mwendo ambayo breki inabidi iizime haipandi sawa na spidi, inapanda kwa mraba. Umeongeza spidi kwa asilimia 30, mzigo wa breki umepanda kwa asilimia 69. Na mwanzoni, gari likiwa na kasi kubwa, ndipo mita zinapoliwa haraka, kwa hiyo spidi inapungua kidogo kwa kila mita unayopita.

Kuhusu ule mtetemo wa pedeli: hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Kwenye lami kazi yake kubwa ni kukuachia usukani, gari liendelee kugeuka unapokata usukani huku umekanyaga. Ndiyo iliyokupitisha kando ya lori. Magurudumu yangefunga, usukani wako ungekuwa pambo.

Na unaposema breki nzima, unamaanisha pedi na diski. Tairi je? Kila siku naletewa gari lenye diski kubwa za bei kali, limevaa tairi zilizokauka. Soma ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha kuna herufi ya spidi ya juu kabisa ambayo tairi linahimili: T ni 190, H ni 210, V ni 240. Herufi hiyo ni ahadi ya tairi zima lenye upepo sahihi. Likizeeka usiitegemee, hata kama kashata zake bado ndefu.

NjiaHuru

Mkuu, pole. Ila nisiposema upande wa pili nitakuwa nimewasaliti wapenda magari wenzangu.

Mimi bado naamini vibao vingi vimewekwa bila kuitazama barabara. Kuna kanuni ya zamani ya wahandisi: pima mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi barabara ikiwa wazi, uanzie hapo. Ukiweka 50 kwenye barabara pana iliyojengwa kama ya 90, unazalisha wakosaji, na unazalisha foleni ya watu wanaotaka kupitana. Tofauti ya mwendo kati ya gari na gari ni hatari yake peke yake.

Halafu kuna Ujerumani. Sehemu kubwa ya Autobahn, barabara zao kuu za kasi, haina kikomo cha kudumu. Lakini niwe mkweli, maana mfano huu hutumika vibaya: tangu 1978 pale kuna mwendo unaopendekezwa wa 130, na mahakama yao ya juu iliamua mwaka 1992 kwamba anayeuzidi akapata ajali anaweza kubebeshwa sehemu ya fidia hata kama kosa ni la mwingine. Na ile ni barabara yenye kizuizi katikati, haina makutano, haina mtembea kwa miguu. Barabara uliyokuwa nayo wewe si hiyo. Kwa usiku ule, mimi pia nakwambia 130 ilikuwa nyingi.

DadaKona

Nakimbiza gari uwanjani, siku za wazi za mzunguko. Nimefika 210 kwenye mnyooko mrefu na nilijisikia salama kuliko ninavyojisikia kwenye 90 barabarani. Pale wote tunaelekea upande mmoja, kila kona ina mtu mwenye bendera anayeona nisikokuona, na gari likizima naambiwa kabla sijalifikia.

Angalieni Formula 1. Madereva bora duniani, breki ambazo hakuna gari la barabarani linazo, lakini wakiingia njia ya mafundi, yaani pale penye watu waliosimama kwa miguu, kikomo ni 80. Monaco ni 60. Hakuna anayesema ajipimie. Na kwenye mbio za Suzuka, Japani, 2014, kwenye mvua, bendera za njano za tahadhari zikipepea, dereva Jules Bianchi aliteleza akaigonga mashine iliyokuwa inaondoa gari jingine. Alifariki mwaka uliofuata. Tangu 2015 wana mfumo unaowalazimisha wote kupunguza mwendo kwa pamoja. Hawakusema Bianchi hajui kuendesha.

Kujipimia kulijaribiwa pia barabarani. Montana, Marekani, kuanzia mwishoni mwa 1995 mchana hapakuwa na namba, sheria ilitaka tu mwendo wa busara. Mwaka 1998 mahakama yao ikaitupa, kwa sababu hakuna aliyeweza kujua kosa linaanzia wapi. Mwaka 1999 wakarudisha kibao, kama 120 hivi.

Kaka, uhodari wako unahusu gari lako. Lori lililokufa halihusiani na uhodari wako.

MguuMzito

Asanteni. Ile 93 ya FundiBreki nimeipigia hesabu mara tatu kwa mkono wangu. Ni kweli.

Nimekagua tairi. Mbele ziko sawa. Nyuma moja imeandikwa 3014, na nimeendesha juu yake nikijisifu kuhusu breki. Nimeshaitoa.

Jana usiku nilisimamisha gari mahali peupe, nikawasha taa za chini, mdogo wangu akatembea mbele yangu na nguo nyeusi mpaka nikashindwa kumwona. Mita 60. Kwenye 130 nilihitaji mita 118. Lakini hata kwenye 100 nahitaji 76, yaani kibao chenyewe nilichokuwa nakidharau kilikuwa kikubwa kwa taa zile, na mimi nilikuwa juu yake. Kwenye 80 natoka na 53. Usiku, nikiwa nimeshusha taa, sasa naenda 80, anayetaka kunipita anipite.

FundiBreki, taa ya kushoto naona inamulika chini kuliko ya kulia. Inarekebishwa kwa skrubu ya nyuma ya taa, au niilete?