Bolti za juu za shokapu zimekatika: kuchomelea, kutoboa au kung'oa nati?

Mteremko_Nakuru: Wadau, ni Jeep Cherokee XJ, shokapu za nyuma. Bolti mbili za juu zimekatika: moja imebaki shingo ya milimita 4, nyingine imekatikia ndani. Mbili bado nzima ila zimeshika kutu. Nati zimechomelewa ndani ya bodi. Fundi anasema easy-out, ile ya kutoboa bolti katikati na kuichomoa kwa kuzungusha kinyume. Nimkubalie?

Kibuye_Welda: Hapana. Bolti nzima ya M8 (unene wa milimita 8) imekatika kabla ya kuzunguka, easy-out iliyo nyembamba kuliko bolti itafanyaje? Nayo ikikatika humo, biti ya kawaida haiikwaruzi.

Yenye shingo, isugue ing'ae, ichomelee washa nene, kisha nati ya M10 juu yake. Tumia nati nyeusi. Ya zinki moshi wake una sumu. Ikipoa kidogo, irudishe mbele na nyuma, robo kwa robo. Kinachoifungua ni joto, si nguvu ya spana. Chomoa betri kwanza, kapeti ya nyuma iondoke, na mtu akae na maji. Tangi la petroli liko hapo karibu, msicheze.

Dala_4x4: Iliyokatikia ndani: senta panchi, biti ya milimita 3, 5, halafu 6.8, umalizie na tapu (kifaa cha kukata meno ndani ya tundu) ya M8×1.25. Shida ni kwamba ukiwa umelala chini ya gari biti hukwepa upande wa nati. Na nati ikianza kuzunguka na bolti, acha tapu. Ing'oe kwa panchi na nyundo.

Mteremko_Nakuru: Nikishaing'oa, mpya inashikwa na nini huko ndani?

Dala_4x4: Chomelea nati kwenye kipande cha bapa chenye mkia mrefu, mkia ndio unaizuia isizunguke. Toboa tundu kwenye sakafu chini ya kapeti, ipitishe hapo, kisha uzibe kwa plagi ya mpira.

Kibuye_Welda: Tundu hilo mimi ningelitoboa mapema, hata kwa hizo mbili nzima. Mafuta ya kulegeza kutu ukiyapuliza kutoka chini yanalowesha kichwa tu na kukudondokea usoni. Meno ya bolti yapo huko juu, ndani ya nati. ATF (mafuta ya gia otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, zilale usiku kucha. Ukikusudia kutumia moto, futa yote, asetoni inalipuka. Soketi ya milimita 13 iwe ya pembe sita, na uanze kwa kukaza kidogo ndipo ulegeze.

Dala_4x4: Bolti mpya ziwe za daraja la ugumu 8.8, na grisi ya shaba. Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza) zatosha. Za chini zikaze gari likiwa limekanyaga magurudumu, la sivyo bushi za mpira zitajipinda.