Acheni kupitisha mekaniki za kadi ambazo hamjazicheza hata raundi moja

Wakuu, nimevumilia vya kutosha na leo sizunguki mbuyu. Kura za mekaniki mpya, yaani kanuni mpya za jinsi kadi zinavyofanya kazi, za seti yetu ya pamoja ya kadi tunazobuni wenyewe zimefungwa, na iliyopita kwa kishindo ni Urithi. Imepita bila hata mmoja wa walioipigia kura kuchapa kadi zake, kuzichanga na kuzicheza. Mmeona mchoro mzuri, mmesoma hadithi fupi ya ukoo na vizazi, mkabonyeza. Sisi tuliouliza maswali tumeambiwa tuna wivu.

Kwa ambaye hakufuatilia, maandishi yake ni haya: "Kiumbe hiki kinapokufa, kiumbe kinachofuata utakachocheza zamu hii kinapunguziwa gharama sawa na gharama iliyoandikwa kwenye kiumbe hiki." Basi. Baba kafa, mtoto karithi. Wazo lenyewe ni zuri na nalipenda kweli, ndiyo maana nimepandwa na hasira kuona linaharibiwa kwa uvivu.

Sasa tuicheze. Zamu ya pili unashusha ile kadi ya madhabahu ya mana mbili (mana ni nguvu ya kulipia kadi) tuliyokwisha kuikubali: toa kafara kiumbe, vuta kadi moja, bila malipo mengine na mara nyingi utakavyo. Zamu ya tatu unashusha yule kiumbe mdogo anayemnyonya mpinzani uhai mmoja kila kiumbe chako kinapokufa. Zamu ya nne unalipa mana zako zote nne kwa kiumbe cha Urithi cha bei nne. Kikiingia mezani unavuta kadi, maana viumbe vya bei hiyo kwenye seti hii karibu vyote vimepewa zawadi hiyo. Unakitoa kafara. Kadi nyingine mkononi, uhai wa mpinzani unashuka kwa mmoja, na kiumbe kinachofuata kimepunguziwa mana nne. Kinachofuata nacho ni cha bei nne, kwa hiyo unalipa sifuri. Kinaingia, unavuta. Unakitoa kafara, unavuta, mpinzani anashuka tena. Cha tatu, sifuri. Cha nne, sifuri.

Kila kiumbe kimoja kinachotoka mkononi kinaleta kadi mbili. Ukijenga deki ambayo zaidi ya nusu yake ni viumbe, na nani atajenga vingine, unameza deki yako yote katika zamu moja. Mpinzani hana la kufanya. Hajapata hata nafasi ya kucheza kosa lake mwenyewe.

Ubovu wote uko kwenye "gharama iliyoandikwa". Kiumbe kilichoingia bure kinaendelea kurithisha mana nne ambazo hakuna mtu aliyezilipa. Andika "gharama uliyolipa" na ugonjwa umekwisha: cha kwanza ulikilipia nne, kinarithisha nne, cha pili kiliingia bure, kinarithisha sifuri. Umepata viumbe viwili kwa bei ya kimoja, na hiyo tayari ni nguvu kubwa kwa mekaniki yoyote. Ni marekebisho ya maneno mawili. Mwenye kadi alijibiwa hivyo kwa heshima, na akasema tunaua ladha ya kadi yake.

Na si kwamba kosa hili ni geni duniani. Magic, ule mchezo maarufu wa kadi, ilipotoa seti ya Khans of Tarkir mwaka 2014 ilirudisha uwezo wa kulipia kadi kwa kuziondoa kadi zilizoko kaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizokwisha kutumika au kufa. Treasure Cruise imeandikwa mana 8 na inavuta kadi 3. Kwenye karatasi inaonekana kadi ya wazee. Mezani kaburi linajaa lenyewe kwa kucheza tu kama kawaida, na watu wakawa wanailipia mana moja. Kadi 3 kwa mana moja ni Ancestral Recall, kadi ya mwaka 1993 ambayo kila mbunifu anajua kwamba haitakiwi kurudi. Januari 2015 Treasure Cruise ikapigwa marufuku kwenye Modern, mojawapo ya aina za mashindano ya Magic. Namba iliyo pembeni ya kadi haikuwa bei. Bei ni kile mchezaji anachotoa na kukikosa, na ukitaka kukijua lazima ucheze.

Nimejibiwa pia kwamba mchanganyiko huu ni nadra, eti hadi uipate madhabahu. Hebu tupige hesabu badala ya kubahatisha. Deki ya kadi 60, nakala 4 za madhabahu, mkono wa kwanza wa kadi 7: uwezekano wa kuwa nayo tangu mwanzo ni karibu asilimia 40. Aliyeanza, bila kuvuta kadi zamu yake ya kwanza, akifika zamu ya nne ameona kadi 10, na uwezekano umefika karibu asilimia 53. Halafu kumbukeni kwamba kwenye orodha ya kadi zinazosubiri kura kuna madhabahu nyingine inayofanya kitu kilekile kwa jina lingine. Nakala zikiwa 8, kufika zamu ya nne ni asilimia 79. Hicho mnakiita nadra? Wala sijahesabu uwezo wa kurudisha mkono mbaya na kuchukua mwingine.

Likanikera zaidi pendekezo la "mara moja kwa zamu". Limekuwa kama dawa ya maji, kila ugonjwa linapakwa. Mtu akiona kadi inazidi, haulizi kwa nini inazidi, anabandika "mara moja kwa zamu" na kuondoka akijiona amesawazisha. Someni mlichokiandika. Mmeweka sharti hilo kwenye kila kiumbe, na kiumbe kinakufa mara moja tu. Mmekataza kitu ambacho hakitokei. Mnyororo wote nilioueleza hapo juu unapita bila kuguswa, kwa sababu kila kiungo ni kadi nyingine yenye mara-moja yake.

Wachezaji wa Yu-Gi-Oh! wanaielewa tofauti hii kuliko sisi sote, maana mchezo wao hauna mana na breki zao nyingi ni masharti ya namna hiyo. Kule kuna kadi zinazosema uwezo wa nakala hii mara moja kwa zamu, na kuna zinazosema uwezo wa kadi yenye jina hili mara moja kwa zamu. Ya kwanza, ukiwa na nakala 3 unaitumia mara 3. Ya pili, ukishaitumia moja, nyingine zimefungwa. Sentensi mbili zinafanana, michezo miwili tofauti kabisa.

Sasa tuseme mnabana kwa njia ya pili, mchezaji arithi mara moja tu kwa zamu. Mnyororo umekatika, sawa. Lakini mmekata na kile kilichofanya mekaniki iwe na maana. Urithi ulikuwa mzuri kwa sababu unapita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Ukiruhusu hatua moja tu, umebaki na punguzo la bei lenye jina la kifahari. Marekebisho ya gharama uliyolipa yanakuachia mnyororo: unaweza kulipa mbili, kikafa, ukaongeza mbili na kushusha cha nne kilichorithi mbili, kikafa, nacho kikarithisha mbili ulizolipa kweli. Vizazi vinapita, na kila kizazi kimetoa jasho lake. Hiyo ndiyo mekaniki mliyodhani mnaipigia kura.

Nije kwa wale wa "utaivunja tu hiyo madhabahu". Kwanza, mwenye madhabahu akiona unataka kuivunja anatoa kafara alivyo navyo palepale na kuvuta kadi zake, kwa kuwa haigharimu kitu. Pili, mnachosema ni kwamba kila deki kuanzia leo ibebe kadi za kuvunja madhabahu, itake isitake. Jambo hili limeshatokea. Enzi za seti ya Mirrodin kwenye Magic, deki za vyombo vya chuma vilivyopungua bei kadiri vyombo vingine vilivyokuwepo zilishika mashindano, watu wakajaza deki zao kadi za kuvivunja na bado wakachapwa. Machi 2005 ziliondolewa kadi 8 kwa mpigo kwenye Standard, aina nyingine ya mashindano, zikiwemo ardhi, yaani kadi za kutoa mana. Ardhi, wakuu, kitu ambacho mtu hakitazami mara mbili. Mekaniki inapokuwa inalisha bei yake yenyewe, kila kitu cha kawaida kilicho karibu nayo kinageuka mafuta ya moto huo, na ukitaka kuuzima unajikuta unapiga marufuku vitu visivyo na hatia. Ndicho kitakachoipata madhabahu yetu. Ni kadi nzuri, ya haki, iliyokuwepo kabla ya Urithi, na itafukuzwa ili Urithi ibaki.

Halafu kuna lile jibu la mwisho, la kufunga mjadala: "hata kampuni kubwa zinakosea." Ndiyo, zinakosea, na someni zinakosea wapi. Skullclamp ya mwaka 2004 iligharimu mana moja kuishusha na moja kuivisha. Ilimpa kiumbe nguvu moja na kumpunguzia uhai mmoja, akifa unavuta kadi mbili. Kiumbe chenye uhai mmoja ukikivisha kinakufa papo hapo, kwa hiyo kila mana moja ilikuwa kadi mbili. Kule kupunguza uhai kuliingizwa mwishoni, wakati ambapo toleo hilo halikupata kupimwa ipasavyo. Ilitoka Februari, Juni ikawa imepigwa marufuku kwenye Standard. Wataalamu wanaolipwa mshahara walichomwa na kadi moja ambayo umbo lake la mwisho halikuchezwa vya kutosha. Sisi mekaniki nzima haijachezwa hata kidogo, na mnataka kulitumia kosa lao kama ruhusa?

Au chukueni mwaka 2020, seti ya Ikoria, na viumbe wenza waliokaa nje ya deki wakisubiri kuitwa. Kila aliyetimiza sharti la ujenzi wa deki alianza mchezo na kadi moja ya ziada ambayo haikosekani kamwe. Lurrus, mmoja wa wenza hao, ilipigwa marufuku hadi kwenye Vintage, aina ya mashindano ambako desturi ni kukupunguzia kadi ibaki nakala moja, kwa sababu nakala moja ndiyo pekee iliyohitajika na haikuwa hata ndani ya deki. Juni 1 mwaka huohuo sheria yenyewe ikabadilishwa: lipa mana 3 kwanza ndipo mwenza aje mkononi. Kadi zilikuwa zimeshachapwa na ziko mikononi mwa watu, hivyo mpaka leo aliyezishika anasoma maandishi yasiyosema hayo.

Sisi hatuna tatizo hilo. Kadi zetu ni mafaili. Kubadilisha sentensi ya Urithi ni kazi ya dakika moja na hakuna mtu atakayebaki na kadi yenye maandishi ya uongo. Kinachozuia ni kiburi tu, na utaratibu wa kura unaohesabu waliopendezwa badala ya waliocheza.

Na ninaposema kucheza, sisemi kukaa peke yako ukishika mikono yote miwili. Ukijua kilichoko mkono wa pili unamhurumia, unamwachia nafasi bila kujua, unaacha kutoa kafara kwa wakati mbaya kwa sababu unataka uone kadi yako ya bei saba ikishuka. Chapa karatasi, ziweke kwenye vifuniko juu ya kadi za zamani, kisha mpe deki mtu anayetaka kukuumbua. Mwambie lengo lake ni kuivunja. Badilishaneni deki, badilishaneni anayeanza, maana mekaniki ya kasi kama hii inaweza kuonekana ya haki kwa anayefuata na ikawa hukumu kwa mwenye kuanza. Andikeni mchezo uliisha zamu ya ngapi, na aliyeshindwa alibaki na kadi ngapi mkononi ambazo hakupata kuzitumia. Mimi hiyo ya pili ndiyo naiamini kuliko idadi ya ushindi. Mtu anayeshindwa akiwa ameshika kadi tano au sita, mchezo baada ya mchezo, hakucheza. Alikuwa mtazamaji.

Waandaaji, ninachoomba ni hiki. Urithi irudishwe kwenye rasimu leo, kabla watu hawajaanza kuichorea kadi nyingine. Ile madhabahu ya pili isimame mpaka ya kwanza ieleweke pamoja na Urithi. Na kuanzia sasa, anayeleta mekaniki alete pia orodha mbili kamili za kadi 60, moja inayoitumia na moja isiyoitumia, na maelezo ya michezo iliyochezwa na mtu mwingine asiye yeye. Asiyeweza kupata mtu wa kucheza naye aseme, tupo wengi hapa tutakaocheza naye kwa moyo mmoja.

Mwenye Urithi, wewe ni mbunifu mzuri na michoro yako ni bora kuliko yangu na ya wengi humu. Nitaweka orodha yangu ya deki kwenye jibu la kwanza hapa chini, kadi zote 60. Leta yako, chagua wewe nani aanze, tucheze toleo lako na kisha toleo la gharama uliyolipa, na yote mawili tuyarekodi kila mtu aone.